Bunduki Kuukuu za Vita na Njia ya Mwindaji

Utangulizi

Wenzangu walioandika katika kitabu hiki wamesimulia habari za walimu wa kwanza, wachungaji, kwaya, shule na ujenzi wa kanisa letu. Mimi nimeombwa kuandika juu ya maisha ya watu wetu siku zisizo za Jumapili. Baada ya kutafakari nimechagua jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji watalishangaa, nalo ni bunduki kuukuu za vita na jinsi zilivyogeuka kuwa zana za mawindo katika nchi hii ya Ubena na mbuga za Usangu.

Sababu yangu ni hii. Hakuna mzee wa usharika wetu aliyesimulia habari za utoto wake bila kutaja nyama ya porini, na hakuna aliyetaja nyama ya porini bila kutaja bunduki iliyoachwa na vita fulani. Usharika wetu ulizaliwa katika nchi ambayo majeshi yalikuwa yamepita na kuacha vyuma vyao. Yatupasa kujiuliza watu wetu walivifanyia nini vyuma hivyo, na vyuma hivyo viliwafanyia nini watu wetu.

Bunduki na misheni kabla ya Vita Kuu

Wamisionari wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda kwenda Ubena katika miaka iliyofuata. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mataifa ya Ulaya yalikuwa yametia sahihi Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba ule ulitangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, lakini matokeo yake mengine yalikuwa kwamba mwenyeji alibaki na gobore lake la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ilhali serikali na askari wake walikuwa na raifo.

Raifo ya askari wa Kijerumani siku hizo ilikuwa Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa na risasi nene ya milimita 11, ikifyatua risasi moja tu kabla ya kujazwa tena, na ilitumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Jeshi la Ujerumani kule Ulaya lilikuwa limekwisha kuiacha na kuchukua raifo mpya zisizotoa moshi. Kwa hiyo hata bunduki iliyotutawala ilikuwa kuukuu tangu siku ilipofika kwetu.

Hapa yafaa niseme jambo moja kwa unyofu, kwa kuwa historia ya Kanisa si orodha ya sifa. Mwezi Septemba 1905, Vita vya Majimaji vilipofika Ubena, kituo cha misheni cha Yakobi kilishambuliwa na wapiganaji wa Kibena. Mmisionari Gröschel na watu waliokuwa pamoja naye walikilinda kwa bunduki. Walioshambulia walikuwa wameahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji, nazo hazikugeuka. Waliokuwa ndani ya kituo walikuwa babu zetu, na waliokuwa nje walikuwa babu zetu pia. Kisha ikaja njaa. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba katika nchi yote walikufa watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wameona kwamba huenda walifika 250,000 au zaidi. Waliookoka waliingia porini kutafuta mizizi na mawindo, wengi wao kwa mitego na mikuki, kwa maana magobore yao yalikuwa yamenyang'anywa.

Vita Kuu na vyuma vilivyobaki

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa von Lettow-Vorbeck walikuwa bado na zile Mauser za 1871. Moshi wake uliwaonyesha adui mahali alipo mpigaji. Basi jeshi lile likajipatia silaha kwa njia ya vita vyenyewe. Katika mapigano ya Tanga mwezi Novemba 1914 Wajerumani waliteka bunduki 455, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000 za Waingereza. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na shehena ya raifo mpya za Mauser za mwaka 1898. Waingereza waliishambulia ikazama majini karibu na pwani. Shehena ikaopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja na kukaushwa.

Nchi yetu haikuachwa kando. Mwezi Novemba 1916 kikosi kimoja cha Wajerumani, Wazungu zaidi ya 50 na askari wapatao 250, kilisalimu amri Ilembula, mahali ambapo leo Kanisa letu lina hospitali. Mwezi Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita tena Ubena akitokea Msumbiji, akamwacha hapa Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 25 Novemba 1918, karibu na Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, alikabidhi silaha zake. Bunduki alizotoa zilikuwa 1,071, na karibu zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Zile alizoanza nazo zilikuwa zimekwisha kuvunjika, kutupwa au kuzikwa njiani.

Katika miaka ile bunduki ya vita ilikuwa pia bunduki ya chungu. Majeshi yaliyotembea bila maghala yaliishi kwa mahindi ya wanakijiji na kwa nyama ya porini. Askari wa von Lettow-Vorbeck waliwinda viboko mitoni, hasa kwa ajili ya mafuta yao, kwani mafuta ya kupikia yalikuwa adimu kuliko risasi. Waliobeba nyama hiyo, pamoja na mizinga na masanduku, walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi wapatao milioni moja kwa muda wa vita, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Kwa watu wa kizazi kile, kutembea porini nyuma ya mwenye bunduki hakukuwa matembezi ya kujifurahisha hata kidogo.

Gobore, raifo na sheria

Serikali ya Kiingereza ilipochukua Tanganyika, iliendeleza kwa namna yake desturi ile ile. Kwa kawaida mwananchi aliruhusiwa gobore kwa leseni, na raifo ilikuwa ya Mzungu, ya mtwa aliyeaminiwa, au ya askari wa idara ya wanyamapori, ambayo mkuu wake wilayani watu walimwita Bwana Nyama. Pori la Akiba la Selous lilitangazwa mwaka 1922 na kupewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa askari. Hivyo hata jina la pori kubwa la nchi yetu liliunganisha vita na mawindo.

Wamisionari wa Berlin walirudi katikati ya miaka ya 1920, baada ya kazi kuangaliwa kwa muda na Waskoti wa Livingstonia na, zaidi ya wote, na walimu wenyeji. Wazungu wa siku zile walipenda mno Mauser ya mwaka 1898. Ilichukua risasi tano, haikutoa moshi, na komeo lake lilikuwa imara hata mafundi wa Ulaya wakalitumia kutengenezea bunduki nyingi za mawindo. Silaha iliyobuniwa kwa ajili ya vita ikawa mama wa bunduki za porini duniani kote.

Simba wa Njombe

Wasomaji wenye umri wa wazazi wangu hawahitaji kukumbushwa habari za simba. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1947, simba walikula watu katika wilaya ya Njombe. Hesabu inayorudiwa vitabuni ni watu wapatao 1,500. Waliouawa hawakuandikwa wote kwa majina, lakini hapana ukoo wa tambarare za chini usio na simulizi lake. Watu waliacha kwenda mashambani peke yao, na ibada za jioni zilikuwa ngumu.

Sababu moja inayotajwa yatupasa kuitafakari. Ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usivuke kwenda kusini, serikali iliwapiga risasi wanyama wengi wa porini katika ukanda wa nyanda hizi. Nyati na pofu walipotoweka, simba walikosa chakula chao cha asili. Bunduki zilizotumika kwa nia ya kuokoa ng'ombe zilifungua mlango wa msiba wa watu.

Wananchi wengi waliamini kwamba simba wale walikuwa wametumwa kwa uchawi, na waliogopa hata kuwataja. George Rushby, ofisa wa idara ya wanyamapori, alipopewa kazi ya kuwawinda, alikuta watu hawako tayari kumwonyesha nyayo. Yeye na askari wake waliwafuata kwa miguu, siku baada ya siku, na simba 15 wakauawa. Nilipokuwa chuo cha theolojia tulijadiliana sana kuhusu hofu ya uchawi katika sharika zetu, nami nilikumbuka habari hii. Watu walihitaji mahubiri, lakini walihitaji pia mtu atakayetembea mpaka kwenye kichaka alikolala simba.

Mzee aliyerudi kutoka Burma

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa nchi hii waliokuwa katika King's African Rifles walirudi nyumbani. Wengine walikuwa wamepigana Burma mwaka 1944, katika Bonde la Kabaw, wakiwa na raifo za Kiingereza za Lee-Enfield. Raifo hiyo ina risasi ya .303, yaani milimita 7.7, nayo huchukua risasi kumi. Mtindo wake wa nne watu wetu waliuita tu "Mark 4". Jeshi lilipopata bunduki mpya, zile kuukuu zilienda kwa polisi, kwa askari wa Bwana Nyama, na baada ya Uhuru kwa raia wachache waliopata kibali.

Mmoja wa waliopata kibali alikuwa mzee wa usharika wetu. Kwa heshima ya ukoo wake sitamtaja jina. Alikuwa amepigana Burma, kisha akafanya kazi miaka kadhaa kama askari wa wanyamapori. Mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka 11, nilifuatana naye mara ya kwanza kushuka Usangu. Yeye alibeba raifo na risasi tano. Mimi nilibeba kibuyu cha maji na mfuko wa unga.

Njia yenyewe ilikuwa shule. Kutoka nyanda zetu zilizo kama mita 2,000 juu ya bahari tuliteremka siku mbili hadi tambarare zilizo nusu ya kimo hicho, tukiacha baridi na ukungu, tukaingia joto na miiba. Wahenga walisema msasi haogopi miiba, lakini mzee wangu aliiheshimu. Alitembea polepole. Alikuwa na kitambaa chenye majivu, akikikung'uta mara kwa mara ili aone upepo unakokwenda. Risasi haikuingia chemba mpaka mnyama awe ameonekana. Hakumpiga mnyama anayekimbia, wala jike lenye mimba alipoweza kulitambua, wala hakupiga akiwa hana hakika ya kilicho nyuma ya mnyama.

Jioni ya siku ya tatu alimpiga nyati, na nyati akaingia kichakani akiwa na jeraha. Giza likawa limeingia. Tulilala bila moto mkubwa, na alfajiri tukaanza kufuata damu. Tulifuata tone moja hapa, jani lililovunjika pale, hadi jua lilipopita utosini. Nilichoka, nikamwambia, "Baba, si tumwache? Tunaweza kupata mwingine."

Alisimama akanitazama. "Mwanangu," akasema, "risasi iliyotoka haina mwenyewe ila mimi. Kesho mama mmoja atakuja hapa kuchanja kuni."

Tulimkuta alasiri, akali hai, naye mzee akammaliza. Kabla ya kuchuna alifukia damu kwa udongo. Alikuwa amesoma katika kitabu cha Walawi, sura ya 17, agizo kwa mwindaji kufunika damu kwa mavumbi, naye alilishika kama lilivyo. Tulipokuwa tumekaa chini ya mti, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuzungumzia vita alisema maneno machache nisiyoweza kuyasahau. "Kule Burma tulifyatua na kusonga mbele. Hakuna aliyerudi kumtazama aliyeanguka. Bunduki ilikuwa kama hii hii."

Hakuongeza neno. Tulirudi na nyama iliyokaushwa. Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa wajane, ya pili kwa mwinjilisti ambaye posho yake ilikuwa ndogo, na iliyobaki kwa nyumba yake. Jumapili ile alikosa ibada kwa sababu ya yule nyati, na Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wazee wenzake kueleza. Wakamsikiliza, wakamwombea.

Bunduki nyingine

Yasiachwe bila kusemwa mambo ya baadaye. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 iliweka utaratibu mpya wa leseni, lakini katika miaka ya 1970 na 1980 silaha za aina nyingine ziliingia mapori yetu, silaha za kivita zinazomimina risasi nyingi kwa sekunde. Tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka, waliokadiriwa kuwa zaidi ya laki moja katikati ya miaka ya 1970, walibaki takribani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Serikali iliendesha Operesheni Uhai mwaka 1989. Wimbi jingine lilikuja baadaye, hata idadi ya tembo nchini ikashuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Na yasemwe wazi kwamba Mark 4 nyingi kuukuu, zile zile ndugu za raifo ya mzee wangu, zimekutwa mikononi mwa majangili, na magobore vilevile. Kwa hiyo si umri wa bunduki unaoitakasa. Wako na washarika wetu waliokula nyama ya aina hiyo bila kuuliza ilikotoka, nasi wachungaji hatukuuliza.

Mzee wetu alipofariki, familia yake iliipeleka raifo polisi pamoja na risasi zilizosalia, kama sheria inavyotaka. Zilikuwa tatu.

Tafakari

Martin Luther aliwahi kupelekwa mawindoni. Mwezi Agosti 1521, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, alimwandikia rafiki yake Spalatin kwamba alimwokota mtoto wa sungura akamficha ndani ya vazi lake ili amwokoe. Mbwa wakamnusa, wakamng'ata kupitia vazi lile na kumuua. Luther aliona katika tukio hilo mfano wa Shetani anayeziwinda hata roho zilizokwisha kuokolewa. Mimi nilipoisoma habari hiyo chuoni nilimkumbuka mzee wangu, maana wote wawili hawakuridhika kuwa upande wa wenye nguvu bila kumtazama kiumbe aliyejeruhiwa.

Manabii Isaya na Mika walitabiri siku ambapo panga zitafuliwa kuwa majembe. Miaka mingi nilidhani maana yake ni chuma kubadilika umbo. Lakini raifo ile ilikuwa chuma kile kile Burma na Usangu. Kitako kile kile, mtutu ule ule. Kilichobadilika ni kwamba aliyeishika alikubali kufuata risasi yake hadi mwisho, kwa miguu yake, hata ilipomgharimu siku nzima na heshima ya kiti chake kanisani. Vita humruhusu mtu asonge mbele bila kugeuka. Mwindaji mwaminifu hana ruhusa hiyo.

Basi, wapendwa washarika na wageni wetu wa dayosisi, nadhani hii ndiyo kazi ya yubile. Miaka mia moja ni njia ndefu, na juu yake kuna matone ambayo hatujayafuata. Wale walioanguka nje ya kituo cha Yakobi mwaka 1905 ni babu zetu, na majina yao hayasomwi katika ibada zetu. Wapagazi waliokufa wakibeba mizigo ya majeshi ya Kikristo yaliyopigana wao kwa wao hawana kaburi tunalolijua. Tukiwataja katika sala ya Kanisa siku ya maadhimisho haya, hatutawafufua, lakini tutakuwa tumerudi kuwatazama.

Napendekeza kwa Baraza la Wazee kwamba Jumapili ya yubile, kabla ya sadaka ya shukrani, tusimame kimya kwa ajili yao, na vijana wetu wapewe kazi ya kuwaendea wazee walio hai na kuandika majina ya ukoo yanayokumbukwa bado. Wachelewe kidogo tu, nao wazee hao hawatakuwapo.

Bwana wa Kanisa atuongoze. Amina.